Kibali cha Idi ya Jumamosi

Aabo wangu mpendwa,

Leo ni siku ya nne tangu tumzike Hooyo, mama yangu. Wageni wa taazia wamepungua, masufuria yamerudishwa kwa majirani, na mimi nimepata nafasi ya kukaa uani kwako hapa Garissa na kukasirika kwa utulivu. Ndiyo, baba yangu, nimekasirika. Kwa miaka mingi nilijua kwamba siku moja nitakuandikia kukuomba msamaha, na msamaha nitauomba, lakini wiki moja kabla ya kufa Hooyo aliniambia jambo, na tangu hapo hasira imekuwa mbele ya kila kitu.

Acha nianze na wewe kwanza, kabla sijaharibu.

Mji mzima ulikuita Karani. Ofisini kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, ulikuwa karani, mkalimani na katibu wa sikukuu, kazi tatu kwa kiti kimoja kilichovunjika mguu. Nilikuwa natoka chuo cha Kurani nikija kukungojea chini ya dirisha lako, nikisikia taipu ikigonga kwa vidole vyako viwili tu. Ulipenda muhuri wewe! Ukishaugonga ulikuwa unaupuliza wino kwa upole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Na hakuna karatasi uliyoipenda kama ratiba ya sikukuu. Saa mbili, swala. Saa tatu, hotuba ya Bwana Disii. Saa nne, kuvuta kamba, wazee kwa makarani. Saa tano, mbio za magunia. Siku ya kuvuta kamba ulikuwa unawakimbia makarani wenzako na kujipanga upande wa wazee, kisha ukishinda unaniambia kwamba umri si mwilini, umri ni kwenye kuchagua upande. Nilicheka mpaka nikapata kwikwi.

Halafu vita vikaja. Wewe hukupenda tuvizungumzie, lakini barua hii ni yangu. Baadhi ya watu wetu walitaka nchi yetu ya ukame ijiunge na Somalia, wakachukua bunduki na kwenda porini. Serikali ikawaita shifta, na haikuchukua muda kila mwanamume aliyevaa shuka la kiunoni akawa shifta mpaka athibitishe vingine. Ikaletwa kafyu. Saa kumi na mbili jioni kila mtu ndani, isipokuwa mwenye pasi. Watu kukusanyika bila kibali likawa kosa, hata kwa harusi, hata kwa maziko. Sikukuu ulizozipenda zikageuka mtego. Aliyekwenda kusikiliza hotuba ya Bwana Disii alitumiwa salamu mbaya kutoka porini, na asiyekwenda aliandikwa jina ofisini. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika, nao watu walikuangalia mkono.

Ramadhani ya tatu ya vita, Bwana Disii akataka Idi kubwa. Mgeni alikuwa anakuja kutoka Nairobi, aje aone mji umetulia. Kungekuwa na vipaza sauti, sukari na majani ya chai kwa kila nyumba, kamba, magunia, kila kitu. Alichotaka kwako ni kimoja tu, siku ya kuandika kwenye kibali. Ulikwenda kwa Shekhe, nami nyuma yako nikibeba faili. Shekhe hakuinua hata macho kutoka kwenye kitabu.

"Mwambie mkubwa wako mwezi hauombi ruhusa. Ukionekana Alhamisi, Idi ni Ijumaa. Usipoonekana, ni Jumamosi."

Ulirudi ukamwambia. Nikamsikia Bwana Disii kupitia dirishani, "Karani, nataka siku moja. Siwezi kuwaambia askari wangojee mwezi."

Ukakaa mbele ya taipu muda mrefu. Kisha ukaandika Jumamosi. Tulipokuwa njiani uliniambia siku thelathini kamili haziwezi kumkosesha mtu, na ukatembea haraka mno kwa mtu aliyekuwa amefunga.

Sasa, Aabo, Alhamisi. Tulitoka ofisini jua likizama, pasi yako umeishika mkononi ili askari waione kwa mbali. Njia haikuwa na mtu. Upepo wa kiangazi ulikuwa umetimua vumbi kutwa nzima, na ng'ambo ya Tana, juu ya mikoma, mbingu ilikuwa imefubaa. Nilijua unaomba vumbi lisipungue, maana midomo yako ilikuwa ikitembea. Vumbi likapasuka. Mwezi ukawa pale, mwembamba kama ukucha uliokatwa, na mimi nikanyoosha kidole kwa furaha.

Ulikishika kidole changu ukakirudisha chini.

"Hukuona kitu," ukasema.

"Aabo, ule pale!"

Ukachuchumaa mbele yangu, njia nzima ikiwa tupu. Nilikuwa na miaka tisa, na sikuwahi kuona uso wako karibu namna ile ukiwa na woga. "Nikienda kwa Shekhe sasa, kesho asubuhi mji mzima utatoka uwanjani kuswali. Kibali kinasema Jumamosi. Askari watawakuta watu elfu kwenye uwanja bila karatasi, na wana risasi. Akikuuliza mtu yeyote, yeyote, hukuona kitu. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilielewa kuliko ulivyotaka.

Ijumaa asubuhi uliniita chumbani ukafunga mlango. Ulikuwa na tende sita na bilauri ya maji. Kufunga siku ya Idi ni haramu, ukaniambia, na sisi wawili tunajua ni Idi, kwa hiyo tutakula. Tukala tatu tatu. Nikakuuliza, "Na Hooyo je?" Ukasema Hooyo hajui, asiyejua hana lawama, na lawama ya mji mzima umeibeba wewe. Tulipotoka, Hooyo alikuwa anafagia ua. Alikutazama mdomoni, akaendelea kufagia.

Adhuhuri askari akaja mbio ofisini. Mkalimani anatakiwa kwenye kizuizi cha njia ya Modogashe. Ulisahau kuniambia nibaki, nikakufuata.

Walikuwa watatu, wachungaji, mzee mmoja na vijana wawili, wamekalishwa kwenye mchanga na mikono kichwani. Walikuwa wamevaa nguo nyeupe safi na wamejipaka mafuta. Hilo ndilo lililokuwa kosa lao. Yule mkubwa wa askari alikuwa anazunguka akiwapiga viatu kwa ncha ya fimbo.

"Uliza hawa wanasherehekea nini leo. Karatasi yangu inasema Idi ni kesho. Leo iko sherehe gani? Kuna mtu wetu ameuawa mahali?"

Mzee hakungoja umtafsirie. "Afande, sisi ona mwezi jana huko borini. Leo Idi. Kuja salimia ndugu. Wallahi, habana shifta."

"Mji mzima umefunga na nyinyi peke yenu ndio mmeona mwezi?"

Akatuma Shekhe aitwe. Shekhe akaja, amekauka midomo kwa saumu, akasema ukweli aliokuwa nao, kwamba jana hakuna shahidi yeyote aliyegonga mlango wake. Mkubwa wa askari akafungua mikono kuonyesha kwamba mambo yamekwisha. Lori lilikuwa tayari linanguruma. Nilikuona ukiitazama karatasi ya kibali mkononi mwake, muhuri wako pale chini.

Ndipo ukasema. Ulisema kwa Kisomali kwanza ili Shekhe asikie, kisha kwa Kiswahili. "Wanasema kweli. Mimi pia niliuona."

Watu waliokuwa wamesimama kando ya njia, kama ishirini hivi, wakakusogelea.

"Mbona hukuja kwangu?" Shekhe akauliza.

"Niliogopa uwanja."

"Unatuambia tumefunga siku ya Idi, na wewe unajua?" Sauti ilimpasuka. "Ulikuwa na nani?"

Ukageuka. Ulikuwa umenisahau, na sasa ukanikumbuka, na uso wako ukafunguka. "Binti yangu. Alikuwa na mimi. Yeye ndiye aliyeuona kwanza."

Wakanitazama wote, Shekhe, askari, wale watu wa kando ya njia, mzee aliyekuwa na mikono kichwani. Shekhe akainama. Akaniuliza kwa upole sana, "Mama, uliuona mwezi jana?"

Uliniambia mtu yeyote. Ulirudia neno hilo mara mbili. Nami nilikuwa mtoto mtiifu, watu walinisifu kwa hilo.

"Hapana," nikasema. "Sikuona kitu."

Ulifungua mdomo. Nilikutazama nikingojea unikubalie kwa kichwa, kwamba nimefanya vizuri. Mkubwa wa askari akacheka kidogo, akasema karani anawatetea ndugu zake shifta, na wale watatu wakapakiwa kwenye lori. Mzee alikuwa wa mwisho kupanda. Aliomba aachiwe kiatu chake kilichobaki mchangani, na hawakumwachia.

Njiani nyumbani nilikuuliza kama umekasirika. Ukaweka kiganja kichwani kwangu. "Hapana. Ulinisikiliza. Ulifanya nilivyokuambia." Ulisema hivyo, Aabo, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikafika umri wa kuelewa, na tangu siku hiyo sikupata tena usingizi wa mchana wa Ramadhani.

Jumamosi sherehe ikafanyika. Hakuna aliyepigwa risasi. Uwanja ulijaa, mgeni wa Nairobi akasema mji umetulia, sukari ikagawiwa. Saa nne wakaita kuvuta kamba. Ulikwenda upande wa wazee kama kawaida yako. Mzee wa mbele yako akaiachia kamba, kisha wa nyuma yako, na ukabaki umeishika peke yako mbele ya watu wote mpaka Bwana Disii akasema mbio za magunia zianze. Mwezi ule haukwisha kabla hawajakuondoa kazini. Ukaanza kuuza ngozi.

Kati ya wale watatu alirudi mmoja tu, kijana mmoja, baada ya miezi mingi. Alikuja hapa nyumbani, akakaa nawe uani bila kuzungumza, akanywa chai, akaondoka. Mji uliona hata hilo kuwa ushahidi dhidi yako. Walikuita aliyeuza mwezi. Kwa muda mrefu nilidhani nimeelewa kwa nini waliamua kwamba wewe ni mwongo. Ukiwa mwongo, saumu yao ya Ijumaa ilikuwa halali. Ukiwa mkweli, walikuwa wamefunga siku ya haramu. Nikasema moyoni, basi, watu hawakujua, wamechagua lililokuwa jepesi. Niliwasamehe kwa sababu hiyo, na sikujisamehe mimi. Ulipokuwa mgonjwa nilikaa miguuni kwako siku kumi na moja na sikuweza kulitamka. Wewe nawe ulikuwa unaniuliza habari za wanafunzi wangu.

Sasa nije kwa Hooyo.

Wiki ile ya mwisho nilikuwa namnywesha maziwa kwa kijiko, nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, kidole, tende, kizuizi. Nilidhani atalia. Akasukuma kijiko pembeni.

"Mimi niliuona kabla yenu," akasema. "Nilipanda juu ya pipa kuanua nyama ya Idi. Nikauona."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, na alipoona wewe unaitwa mwongo, kwa nini hakusema. Akajibu kwamba Shekhe hakupokea ushahidi wa mwanamke juu ya mwezi, mimi aliniuliza ili akupime wewe tu, na kwamba alikuwa na mume mmoja na mtoto mmoja na alitaka wawe hai. Kisha akaniambia lile lililonipandisha hasira. "Wala sikuwa peke yangu. Jirani alikuwa anaanua kwake. Tukatazamana juu ya ua. Yeye akashuka, nami nikashuka."

Jirani yule bado yu hai, Aabo. Haoni tena, lakini akili ni nzima. Jana niliwaacha wageni nikaenda kwake. Sikumzungusha. Nilimuuliza kama ni kweli, na akaniambia ni kweli, na kwamba Ijumaa ile nyumbani kwao walikunywa uji saa nne, mlango umefungwa, watu saba. Nyumba ya pili yao hivyo hivyo. Alizitaja nyumba moja moja kwa majina ya wenyewe, akihesabu kwa vidole, na nyingine zilikuwa za watu waliosimama kando ya njia pale kizuizini. Zingine za watu walioiachia kamba.

Nikamwambia, "Kwa hiyo mlijua. Mlijua kwamba baba yangu alisema kweli, na mkamwita mwongo mpaka akafa."

Akatafuta mkono wangu akaushika.

"Mwanangu, angekuwa yeye ndiye mkweli," akasema, "sisi wote tungekuwa nani?"

Nikamwachia mkono wangu aendelee kuushika, kwa sababu ni mzee, na kwa sababu jibu hilo linanihusu mimi kabla halijamhusu yeye. Naomba unisamehe, Aabo. Naomba msamaha wako kwa ajili yangu mwenyewe tu. Wao sitawaombea, watakuja wenyewe, wale waliobaki.

Hooyo tumemlaza kando yako, upande wa kulia, na nimemwambia akueleze yote kwa mdomo wake.

Binti yako aliyekutii,
Khadija