Dada Anaita Hewani, Nami Sina Leseni

Mpendwa Kaka Seif,

Kabla hujasoma mstari wa pili, geuka nyuma uone kama kuna mtu. Kama yupo, ikunje barua hii uitie mfukoni mpaka aondoke. Na wewe usiye Seif, uliyeipata kwa kuwa sina anwani ya kaka yangu na nimelazimika kuiacha mahali wapitapo watu wengi, nakusihi kwa jina la Mungu: isome ukipenda, lakini neno lake hata moja lisitoke kinywani mwako. Majina yote humu nimeyabadilisha. Hata Seif si Seif. Mwenyewe atajijua akifika kwenye habari ya kopo la maziwa.

Kaka, naandika mchana huu wenzangu wa ofisini wamekwenda kula. Nimekigeuza kiti ili niuone mlango. Mtu akiingia, nitasema naandika barua ya maombi ya likizo.

Unalikumbuka kopo la maziwa ya unga? Ulilipasua kwa mkasi wa bati uani kwetu Kibiti, ukalinyoosha kwa nyundo, ukaniambia bati lile ndilo kiwanja na redio yetu ndiyo nyumba itakayojengwa juu yake. Umeme ulikuwa umekatika, basi ukapasha msumari mnene kwenye jiko la mkaa la mama ili uyeyushie risasi ya kuungia waya. Mama, Mungu amrehemu, alisimama na mwiko mkononi akakuuliza, "Seif, hiyo unayoipika inaliwa?"

"Inaliwa kwa masikio, mama."

"Basi mla kwa masikio ahamishe msumari wake, sisi tunaokula kwa mdomo tuna njaa."

Mimi ulinipa kazi ya kuzungusha waya mwembamba wa shaba kwenye vile vipete vyeusi tulivyovitoa ndani ya taa mbovu za kubana umeme. Ulisema mikono yangu haina haraka. Sehemu nyingine ulizing'oa kwenye televisheni zilizokufa, na zile chache zisizopatikana huku uliziagiza Kariakoo, ukazingoja kama mtu anayengoja mahari. Redio ya dukani ya namna ile, ya kusikia na kusema, hakuna mtu wa mtaani kwetu angeweza kuinunua. Yetu ilikaa ndani ya sanduku la mbao la majani ya chai, ikalishwa na betri ya pikipiki.

Siku tulipoiwasha ilikaa kimya. Nilitaka tubadilishe kila kitu. Ulinishika mkono ukasema, "Fuata umeme, usifuate hasira." Ukaanza kwenye betri na mita yako, hatua kwa hatua, hapa umo, hapa umo, hapa umo, hapa haumo. Ulipofika hapo ukachukua njiti ya kiberiti ukagusagusa maungio, na kwenye ungio moja lililong'aa vizuri kuliko yote redio ikakohoa. Risasi ilikuwa imeukalia waya juu juu bila kuushika. Tangu siku ile sikiamini kitu kwa kung'aa kwake.

Tena ule mnazi. Ulikodi mkwezi akakufungia waya wa antena juu kabisa, kwenye makuti, nasi tukasikia watu wa mbali wakizungumza lugha tusizozijua. Ulicheka kwa furaha. Lakini dada Zainabu, ambaye yuko Salale tu hapo kwenye mikoko, na ambaye redio ya pili ulimjengea yeye, hatukumsikia hata kidogo. Wiki nzima ulikuwa mkali kwa kila mtu. Kisha asubuhi moja ukamwita yule mkwezi aushushe waya, uufunge chini, usawa wa paa la banda la kuku. Majirani walikutania mpaka basi. Bi Saumu alipitisha kichwa juu ya ua: "Jamani fundi, jana mbinguni, leo bandani! Kesho waya utauzika?"

Ulimjibu kwa upole kwamba waya ukikaa juu sana sauti inaruka na kumpita jirani, ila ukiukalisha chini sauti inapanda wima, inagonga juu, inarudi kumwagika hapa hapa karibu kama mvua. Hakukuelewa. Alasiri ile ile Zainabu akaingia, wazi kabisa, anamkaripia mumewe kuhusu ndoo. Alikuwa amebonyeza kitufe bila kujua. Ulilia, kaka. Ulisema ni moshi wa risasi.

Nilijua kwa nini ulilia. Wote tulijua. Mimba ya kwanza ya Zainabu ilimharibikia huko huko, kwenye maji, kwa kuwa pale wanapolima simu haishiki, na mumewe alipokwisha kupiga kasia kwenda kutafuta boti ya mashine, mambo yalikuwa yamekwisha. Msiba ulipokwisha ulirudi Kibiti ukaanza kununua televisheni mbovu.

Kisha yakaja yale ya waya. Walikuja watu wa serikali wakakuuliza waya ule ni wa nini na unaongea na nani. Uliwaonyesha leseni yako ya redio ya ridhaa, wakaisoma, wakakurudishia, wakaomba radhi na kwenda zao. Lakini midomo ya watu haina leseni. Dukani walinyamaza ukiingia. Kijana mmoja akakubatiza "Bwana Mawimbi", watu wakaacha kukuletea redio zao uzitengeneze. Ukapanda gari la kwenda kusini, ukaniachia sanduku la chai na maneno mawili: "Msikilize dada." Namba yako ya simu haipatikani tangu mwaka uliopita.

Nimemsikiliza, kaka. Kila siku baada ya swala ya alasiri nikitoka ofisini najifungia chumbani, nafunga dirisha na kuvaa spika za masikioni. Nimefanya kama ulivyoniagiza, ila kitufe cha kusemea nilikuwa sijakigusa. Leseni ni yako, si yangu. Ya kwangu nimeiomba, nimejibu maswali yao yote, nimeambatanisha kila walichotaka, na bado sijajibiwa. Mimi ni mtumishi wa serikali niliye kwenye majaribio. Nikikutwa narusha sauti hewani bila kibali, nitajitetea vipi? Nimezisoma kanuni mpaka nazijua kwa moyo, na kila ninapozirudia naona mahali papya pa kunitia hatiani. Hata habari ya dada kuitumia redio ile kwa jina lako sijui kama inaruhusiwa, naogopa kumuuliza mtu.

Sasa sikia kinachonitoa usingizi. Zainabu ana mimba tena, kubwa. Zahanati walimwambia, kwa yale yaliyompata, asogee karibu na hospitali mapema. Amekataa. Mpunga umeanza kutoa mashuke, na wewe unajua mtu wa kwetu mpunga ukishatoa haondoki shambani: amehamia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti katikati ya maji, anawinga ndege wasile mpunga, mchana kutwa. Mumewe anakwenda kuvua kamba na kurudi. Redio amehama nayo.

Tangu alipohamia, sauti yake imedhoofika. Nilifuata umeme kama ulivyonifundisha, japo kwa masikio tu. Jua likikaza siku kutwa, anasikika. Ikinyesha, au maji chumvi yakijaa, anafifia mpaka nasikia neno moja katika kumi. Betri isingejua habari za maji kujaa. Nikaelewa: nyumbani kwake waya ulishikwa na vipande vya plastiki ulivyovikata wewe. Dunguni ameufunga moja kwa moja kwenye nguzo za mikoko, mti mbichi, umelowa chumvi. Sauti yote inavuja kwenye nguzo na kuishia majini.

Mtu mwingine angebonyeza kitufe akamwambia. Mimi nilichukua ndala yangu kuukuu, nikaikata vipande, nikavitoboa kila kimoja matundu mawili kwa msumari wa moto, nikavitunga kwenye uzi. Jumamosi nikapanda bodaboda mpaka Nyamisati, nikampa nahodha mmoja anayepita Salale. Sikuandika hata herufi moja. Niliogopa karatasi isije ikasomwa na mtu.

Nahodha alivigeuzageuza. "Mwanangu, dada mjamzito unampelekea ndala iliyokatwakatwa? Hata nzima umekosa?"

"Mwambie avifunge tu, mjomba. Atajua pa kuvifunga."

Kweli, alijua. Jumatatu mvua ilitulia kidogo nikamsikia Zainabu: "Kitindamimba, kama upo huko, mzigo umefika. Hirizi nimezifunga kiunoni, zote. Mungu akulipe kwa kunihangaikia. Shehe gani huyo, lakini? Mbona dawa yake inanuka miguu? Ova."

Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa mto. Kisha kicheko kikanikauka. Alikuwa anaendelea kusema, na sauti inazama. Alisema tangu asubuhi mgongo unamvuta, si sana, unakuja na kuondoka. Alisema mumewe hajarudi. Alisema hana wasiwasi sasa kwa sababu ana kinga. Ile kinga, kaka, ni ndala yangu ya chooni. Mtu mzima amekaa peke yake juu ya maji, ametulia kwa ajili ya ndala, kwa sababu mimi niliogopa kuandika sentensi moja.

Nikabonyeza.

Nilisahau jina lako la hewani, nilisahau yote. Nilisema, "Dada, si hirizi."

Akauliza: "Nani huyo?"

"Mimi. Si hirizi, dada. Ni za kufungia waya. Waya usiguse nguzo. Upitishe kwenye tundu moja, kamba kwenye tundu la pili, kamba ndiyo ifungwe kwenye nguzo."

"We mtoto!" Alipaza sauti mpaka spika zikakwaruza. "Siku zote hizi ninajisemea na kunguru hapa, kumbe una mdomo! Na mimi nimevaa makandambili kiunoni kama mwendawazimu, mume wangu ameniona, hakusema kitu!"

"Vivue, dada. Vifunge sasa hivi. Lakini usipande juu, hali yenyewe..."

"Nipande wapi, waya wenyewe uko usawa wa pua. Ngoja."

Nilingoja, nimezibana spika masikioni. Aliporudi alikuwa wazi kama siku ile ya ndoo. Nikamuuliza habari za mgongo, akajibu maswali yote. Nikatoka nikampigia simu mkunga wa zahanati, nikasema nimeletewa habari na nahodha. Mkunga alisema maumivu ya namna hiyo huenda ni ya kupita, lakini kwa historia yake akiyaona tena asingoje: aite papo hapo, boti ya mashine ipo, wanachohitaji ni kuambiwa. Nikarudi nikabonyeza mara ya pili kumwambia dada. Yale maumivu yalipoa. Mumewe alirejea kabla ya magharibi. Hayo nayajua kwa sababu alinitangazia mwenyewe, na kunitukana tena.

Lakini kesho yake asubuhi Bi Saumu alinisimamisha getini. Jana, alisema, spika yake ya muziki ilikuwa imepunguzwa sauti, mara ikaanza kulia kama bata anayekabwa. Mara mbili. "Kama bata anayesema maneno," alisema, akaniangalia machoni. "Zamani za kaka yako ndivyo ilivyokuwa ikilia. Amerudi?"

Nikasema sijui. Jibu baya kuliko yote, kaka. Mtu hujua kama kaka yake amerudi.

Tangu hapo kila pikipiki inayosimama nje nadhani ni wao. Ofisini mkuu wangu akiniita naanza kutunga utetezi njiani, kumbe anataka faili. Jana alasiri Zainabu aliita, nami nikakaa na kidole juu ya kitufe bila kukibonyeza, mpaka akasema, "Haya, leo huna mdomo," akazima. Na siku zake zinakaribia, na mpunga haujaiva.

Sikuombi urudi kwa watu waliokuita Bwana Mawimbi. Nakuomba usikilize. Wewe una kibali, una jina la hewani, una haki ya kumjibu dada mbele ya dunia nzima. Redio hukuondoka nayo, lakini najua mikono yako, utakuwa umeshajenga nyingine. Huko kusini uliko sauti ikiwa ya mbali, huenda ukahitaji waya wa juu. Hilo unalijua kunishinda.

Basi hivi ndivyo utakavyonipata. Simu yangu ya kazini usiipige, wala usimtume mtu ofisini, wala usimuulize Bi Saumu. Alasiri ikishaswaliwa, tafuta mahali petu hewani, pale pale ulipopatia alama ya rangi ya kucha kwenye duara la redio. Usinitaje. Mwite Zainabu, kwa jina lako halali la hewani, mara tatu, umsalimie, umuulize mpunga. Mimi nitakuwa nasikiliza. Ukiona hajibu, huenda umeita nyakati za maji kujaa. Ngoja yapwe, uite tena. Na ikitokea siku dada anaita kwa maumivu, nawe huko husikiki, basi usishangae ukikuta sauti ya mtu asiye na leseni mahali petu. Hapo hutahitaji maelekezo. Nitakuwa nimesema jina langu lote na mtaa ninaokaa, ili boti ijue ni nani ameiita.

Mdogo wenu wa mwisho, ambaye mama alimwita Kitindamimba.