Mlio wa Mkanda Uliosimama

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama naye miguu imepungua uvimbe. Msalimie shemeji, na watoto wape pole ya mitihani. Mimi mwili hauna neno. Hayo mengine nakuomba uyasome ukiwa umekaa, mama akiwa hayupo karibu. Ndiyo maana sikupiga simu, maana siku hizi simu yako anaipokea yeye.

Unajua kiwanda chetu cha maboksi kilivyokuwa kinaziba watu masikio. Mwaka huu waliing'oa ile minyororo ya chuma iliyozungusha mashine ya kukatia, wakafunga mikanda ya meno. Ni mpira mweusi mgumu wenye nyuzi imara ndani, na meno yake yanashikana na meno ya puli, yale magurudumu yanayouzungusha, bila kuteleza hata kidogo. Haitaki grisi wala haina makelele. Mwanzoni tuliendelea kupayuka kwa mazoea, mpaka tukaanza kuchekana. Kazi ya kuitunza nikapewa mimi, kwa kuwa nimekulia kwenye mikanda.

Bila shaka unamkumbuka baba na upimaji wake. Kifaa cha kupimia mkazo alikuwa nacho, ila hakukiamini hata siku moja. Aliudonoa mkanda kwa ukucha, mara mbili upesi, akatulia kama anayengoja kujibiwa, kisha mara moja polepole. Aliniambia uliokazwa mno unalia kama mbu, na uliolegea unakoroma. Hata baada ya kubeba sanduku lake la vifaa na kutuacha bila kusema anakwenda mji gani, mimi niliendelea kupima hivyohivyo. Miaka yote hii sijakutana na fundi mwingine mwenye mtindo ule.

Sasa mwezi uliopita niliingia asubuhi kukagua, umeme umezimwa, swichi kuu nimeifunga kwa kufuli yangu mwenyewe. Nikasikia mkanda unalia ndani ya kava. Mara mbili upesi. Kimya. Kisha mara moja, polepole.

Nilifungua kava nikakuta hakuna kitu. Hata panya asingepata pa kupenya. Kwa macho mkanda ulikuwa umetulia, lakini nilipouwekea kiganja ulikuwa unatetemeka, tena una joto, kama kitu ambacho mtu ametoka kukiachia.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mama Pacha, anayeendesha ile mashine, alinicheka nilipomwambia, na kesho yake akausikia mwenyewe. Tangu hapo chai yake anainywea nje. Msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Fasta, akasema mpira hujikunja kwa baridi na kujinyoosha jua likichomoza, basi turudi kazini. Nilimshukuru moyoni. Nilitaka sana iwe hivyo.

Halafu meno ya mkanda yakaanza kupasuka. Nikauvua, nikaulaza mezani kungoja mpya. Asubuhi mlio ukaja palepale pa siku zote, kwenye puli tupu, na mkanda uko mezani mbele ya macho yangu. Mama Pacha alikuwa nyuma yangu. Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, asigeuze shingo.

Mimi nilibaki palepale. Nikajisikia nasema kwa sauti, "Baba, ni wewe?"

Ulikuwa umeshalia mara mbili. Ile ya tatu haikuja. Hiyo ilikuwa wiki iliyopita, na hadi leo ninapoandika, hatujausikia tena.

Mchana wa siku hiyohiyo akaja muuza mikanda, ule mpya kauning'iniza begani. Alisimama akinitazama nikiufunga. Nilipoudonoa kwa ukucha kuupima, akaacha kutafuna muwa wake. Akaniuliza nani alinifundisha kupima vile. Nikamwambia ni baba yangu. Akatafuta pa kukaa, akakalia boksi, likabonyea, wala hakuhangaika nalo.

Akanieleza kwamba kuna kiwanda cha nyuzi anachokipelekea mikanda, safari ya kutwa nzima kutoka hapa, na huko kulikuwa na fundi mzee aliyepima namna ileile, wakamwita Babu Ukucha. Moyo ulinipanda, dada. Nilikuwa tayari natunga salamu za kumpa. Akanikatiza.

"Dada yangu, alizikwa mwezi uliopita."

Walimkuta asubuhi, mashine haijawashwa, amekaa kwenye kiti chake, kidole bado kiko juu ya mkanda. Hawakujua ndugu zake, kwa hiyo wenzake wa kazini ndio waliomzika. Nilipouliza siku, ilikuwa ileile niliyosikia mlio kwa mara ya kwanza. Aliwahi kuwaambia ana mabinti wawili. Kuhusu mdogo, alisema ana sikio kali kuliko lake. Mkubwa ndiye aliyemfanya aone haya kurudi, kwa sababu akikasirika ni mama mtupu. Walikuwa wakicheka, kumbe mwenyewe hacheki.

Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Baba hayupo. Mama bado hajui, na usimwambie peke yako. Bwana Fasta amenipa ruhusa, nitafika Jumamosi, tumwambie sote wawili tumemshika mikono. Najua uso wako haufichi jambo, basi mpaka nifike jisingizie kuumwa jino.

Kisha kuna hili. Juzi uliniambia mama analalamika kwamba tangu wiki iliyopita, alfajiri, kuna kitu kinadonoa chuma cha kitanda chake, ukasema utanunua sumu ya panya. Nakuomba usinunue. Mwache asikilize. Na wewe ukikisikia, tafadhali dada, usiulize ni nani.

Wakumbatie watoto kwa niaba yangu, na shemeji mwambie deni la stori ninalo. Mungu awalinde mpaka nibishe hodi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba