Chumvi Uliyotuachia, Papa Profesa

Papa Profesa,

Nimekukasirikia, na ninaanza na hilo kabla ya salamu. Mtu mzima haondoki hivi. Uliniambia unakwenda kwenu India kupasuliwa moyo, kwamba utarudi kabla wanafunzi hawajamaliza mitihani, nikutunzie funguo za ofisi na nimwagilie tangawizi yako kwenye kopo. Nikamwagilia. Kisha binti yako akanipigia simu. Aliongea Kifaransa cha taratibu, alichojifunza utotoni mlipokuwa mkihama kutoka ubalozi hadi ubalozi. Akasema moyo ulikataa. Akasema wamekuchoma, ndiyo desturi yenu, na majivu wameyamwaga mtoni. Nilimshukuru. Halafu nikakaa chini kwenye saruji, mimi Zaina, mwalimu msaidizi wa chuo kikuu, nikalia mpaka walinzi wakaja kuuliza nani amekufa.

Nilipowaambia, mmoja alivua kofia. Walikupenda, ujue. Ulipofika hapa watu walikuuliza bei ya simenti, maana Kisangani Mhindi ni mtu wa duka. Wewe ulikuwa Mhindi bila duka, na ndivyo wanafunzi walivyokuita nyuma ya mgongo wako. Ulipanda baiskeli ya toleka na tai shingoni, umemshika dereva kiuno kwa mikono miwili. Tulipokwenda vijijini ukakataa nyama, mama mmoja akaniuliza kwa huruma, "Huyu papa iko mugonjwa?" Nikamwambia hapana, ni balozi mstaafu. Akasema basi ndiyo ugonjwa wenyewe.

Ofisi yako wamempa mwalimu wa sheria. Ameondoa kiti chako cha wageni, kile ulichokuwa unakalia wewe mwenyewe ili mgeni akalie kile kikubwa. Somo lako la usuluhishi nalifundisha mimi. Wanafunzi wananiuliza kama ni kweli ulikaa meza moja na wakubwa wa dunia, nami nawasimulia ulivyonisimulia: ulianza kijana, unabeba mikoba ya mabalozi na kuwachungia makoti, ukawa mwandishi wa vikao, ukawa balozi, wengine wakabeba mkoba wako. Na ulipostaafu hukwenda kulala kwenye bustani yako. Nilipokuuliza sababu uliniambia, "Maisha yangu yote nimetia sahihi karatasi hotelini, mwanangu. Nataka kuona zinaangukia wapi." Zilianguka hapa, Papa. Zilituangukia sisi.

Bon. Nisizunguke. Nakuandikia juu ya vijiji vyetu viwili.

Wewe uliviita Juu na Chini, kwa kuwa majina yao ulimi wako uliyakataa. Wakubwa wa jimbo walikufanya mshauri wao, wakakutuma huko, njia ya Yanonge, watu walipokuwa wanakatana mapanga kwa sababu ya shamba la michikichi lililoachwa na kampuni. Wengine walikwenda kabla yako na magari na wapiga picha. Sisi tulikwenda na mtumbwi. Uliwafanya wazee wa Juu waseme uchungu wa watu wa Chini, na wa Chini waseme wa Juu, kabla mtu yeyote hajasema wake. Wewe ulisema Kifaransa, mimi nikafasiri kwa Kiswahili na kwa Lingala. Siku ile mzee wa Juu alipotaja majina ya wafu wa Chini, akakwama kwa la mwisho akalia, uliniminya mkono chini ya meza.

Halafu wakaleta chumvi. Mzee wa Juu alilamba, mzee wa Chini akalamba, na wewe katikati ukalamba mwisho. Nilikuonya, Papa. Nilikuambia: hii si sahihi ya wino. Amani yao inakaa ndani ya mwili wa mtu wa katikati. Akifa, pande zote mbili zinalia matanga pamoja, zinamzika pamoja, na juu ya kaburi lake mwingine analamba. Wasipomzika pamoja, chumvi imekwisha. Ulicheka, ukasema umewahi kutia sahihi mambo mazito kuliko chumvi. Mwanadiplomasia we! Ulizoea karatasi, na karatasi haifi. Ulikwenda kufa mbali bila kufikiri kwamba huku kuna watu wanaingoja maiti yako.

Nilipowapelekea habari waliuliza kaburi liko wapi. Nikawaambia ukweli. Hapa anayechomwa ni mwizi aliyeangukia mikononi mwa umati, au aliyesemwa ni mchawi. Nilieleza kwamba kwenu ndiyo heshima ya mwisho, kwamba binti yako alisimama pale analia. Mzee wa Chini alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mama, ile chumvi imeingia ku maji." Nao wa Juu wakaondoka bila kuaga.

Tangu hapo, Papa, mambo yananukia vibaya. Watu wa Juu hawaji tena siku moja ya soko na watu wa Chini. Mitumbwi inapishana mtoni na hakuna anayesalimia. Wanawake wanaleta watoto wao mjini kwa ndugu, mmoja amewajaza nyumbani kwa dada yake, mtaa wa Simi-Simi, ukimuuliza anasema ni kwa ajili ya shule, na shule zimefungwa. Yule tajiri wa Butembo anayeuza jumla karibu na soko kuu aliniita dukani kwake. Akaniambia tupa za kunolea zimemwishia, zote zimepelekwa njia ya Yanonge, lakini majembe yanakaa tu, hayanunuliwi. Alitaka kujua kama aagize tupa nyingine. Nilikwenda kwa wakubwa wa jimbo nikawaeleza, wakasema mapatano yapo, yametiwa sahihi, yamepigwa muhuri, nisitie watu hofu.

Donc, basi, wakabaki wazee wenyewe. Walituma mtu. Walisema wako tayari kukulia matanga bila maiti, kama nyumba ya marehemu italeta kitu cha kuzika na mtu wa kulamba. Nikauliza, mtu gani? Mimi si damu yake. Wakajibu kwamba maneno yako waliyasikia katika kinywa changu, hivyo kinywa ni hicho hicho.

Mama yangu aliposikia alizima moto wa jikoni akanikalisha. Unamjua Mama, mtu wa Maniema, hana maneno mengi. Akasema, "Yule alikuwa mugeni na nchi yake nyuma yake. Wangemugusa, ndege zingekuja. Weye, wakikuua, nani atakuulizia?" Wewe uliyekuwa na jibu kwa mawaziri, hukuniachia hata moja la kumpa Mama. Niliogopa, nakuambia wazi, na bado naogopa. Nilikaa siku kadhaa bila kuwajibu wazee. Kila nikisikia pikipiki inasimama nje nadhani ni habari ya maiti.

Mwisho nilimpigia binti yako. Sikujua nimwombe nini. Nilimwambia watu wanataka niitwe mtoto wako, nami siwezi kuchukua jina la baba wa mtu bila ruhusa. Akasema ulipokuwa kitandani kabla ya kupasuliwa ulikuwa ukimwambia, "Dada yako wa Kisangani ana hasira nzuri." Akasema nichukue koti lako jeusi la kufunga shingoni uliloliacha huku, lile la sherehe ulilolivaa hata jua likiwaka mpaka jasho likakuchuruzika viatuni. Tukalia wote wawili, kila mtu kwa lugha yake.

Basi tulikuzika, Papa. Tulizika koti, mpakani, kwenye michikichi. Juu walikuja, Chini walikuja, lakini hawakuchanganyika. Wanawake walilia kwa zamu, upande mmoja ukinyamaza ndipo mwingine unaanza. Vijana walisimama nyuma na mapanga yao, wakasema ni ya kufyekea majani. Majani yalikuwa yamefyekwa zamani. Mzee wa Juu alilamba, mzee wa Chini akalamba. Na mimi nikalamba. Ilikuwa chungu, si kama chumvi ya nyumbani, nikahisi inashuka kifuani inakaa. Nikasema moyoni labda imetosha.

Haikutosha. Leo asubuhi mtumbwi umekuja na ujumbe. Mwanamume wa Juu amekutwa amekatwa kule kwenye shamba, mikungu ya ngazi aliyoikata mchikichini bado iko kando yake. Anapumua, lakini hawadhani atafika jioni. Chini wanaapa si wao. Juu hawaulizi tena. Mzee wa Juu amewazuia vijana kwa neno moja tu: wangoje mtu wa katikati. Anatakiwa aje kabla mtu huyo hajafa, peke yake, mikono mitupu, apite katikati ya pande mbili mpaka aguse jeraha. Akichelewa, au akileta askari, kila mtu yuko huru.

Ninakwenda. Mtumbwi unanisubiri, na nakuandikia hapa kwenye meza ya Mama kwa haraka, samahani kwa mwandiko. Mama amekataa kunitazama tangu asubuhi, lakini amenifungia lituma ya ndizi za kuponda kwenye majani na samaki juu yake, akaweka mlangoni. Ningependa ungekuwa hapa uniambie niseme nini nikifika. Wewe ungenywa chai yako kwanza, ukaulizia mtu yule ana watoto wangapi na mke wake anaitwa nani. Nami ningekasirika kwa kuchelewa, ndivyo tulivyokuwa. Nakukosa, Papa. Nakukosa kwa hasira na bila hasira.

Sasa kwaheri. Mungu wako na wangu wakupokee, wapatane wenyewe namna ya kukuita. Ahadi yangu ni hii. Nimemwambia Mama kwamba likinipata la kunipata, asikubali wanipeleke Kindu kwa wazee wetu, wala wasinizike mjini. Wanizike palepale mpakani, na asiruhusu upande mmoja kushika jembe peke yake. Juu wachimbe, Chini wafukie, na kabla udongo haujakauka mwingine alambe. Wewe hukujua, nimekusamehe. Mimi najua, Papa, na mimi nitawaachia kaburi.

Mwanao,
Zaina