Mzizi wa Wifi Ulivyohamia Biolojia

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana jambo lenyewe ukilisikia kwa mbali ni dogo lakini mimi limenikaa kooni wiki ya pili sasa. Mimi ni karani wa masjala, kazi yangu kutwa nzima ni kuhakikisha kila karatasi iko kwenye jalada lake, na nje ya kazi ni msimamizi wa jumuiya ya mtandaoni ambako watu wazima wapatao mia tatu wanaorudia mtihani wa sekondari husaidiana kusoma, kuna kundi la Hisabati, la Kiswahili, la Biolojia na mengine, na ndani ya kila kundi watu hufungua mada, na nilipokabidhiwa usimamizi nilikuta vurugu tupu, mtu anauliza hesabu za sehemu kwenye Historia, mwingine kaweka ramani kwenye Kemia, salamu za asubuhi zimezagaa kila mahali, nikasema sasa hapa pamepata mwenyewe.

Nikaanza kuhamisha mada, nyingine kwa kusoma kichwa chake tu kwa sababu zilikuwa nyingi na mimi mkono wangu ni mwepesi, na kila nikihamisha nafuta ile alama inayoonyesha mada ilitoka wapi, kwa kuwa inachafua ukurasa, na watu wakanisifu, mwalimu mstaafu tunayesimamia naye akaandika kwamba sasa hata kipofu angeona njia.

Sasa wifi yangu, dada wa mume wangu, naye yumo humo. Ni fundi cherehani, aliacha shule akiwa amebakiza mwaka mmoja ili amuuguze mama yao, na mimi ndiye niliyemshawishi arudie mtihani, kwa sababu chuo cha ufundi kinataka kumchukua afundishe ushonaji ila lazima kwanza afaulu, na Kiswahili kikiwemo. Siku moja alifungua mada akaandika, "Jamani, kazi ya mzizi ni nini?" Mimi kuona mzizi nikaipeleka Biolojia. Mtu mmoja mwema akamjibu palepale, kwamba mzizi hufyonza maji na madini kutoka ardhini na kuushikilia mmea usianguke, na simu ya wifi ikamletea jibu hilo peke yake, bila jina la kundi, akalikariri huku akipiga pindo la sketi ya mteja.

Alikuwa ameiweka kwenye Kiswahili, mshauri. Alikuwa anauliza mzizi wa kitenzi.

Kwenye mtihani wa majaribio katika kituo anachosomea swali likaja, naye akaandika kwamba mzizi wa kitenzi hufyonza maji na kukifanya kitenzi kisianguke. Mwalimu akalisoma jibu mbele ya darasa. Wakacheka mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia, na tangu siku hiyo wanamwita Mama Mizizi. Amejitoa kwenye makundi yote, na kitabu chake cha sarufi nimekikuta chini ya mguu wa meza ya cherehani, kimewekwa ili meza isiyumbe. Akaniambia, "Wifi, kichwa changu kimeshika kutu. Nisiwapotezee watu muda, niachie nguo zangu nishone." Nami badala ya kusema ukweli nikamjibu, "Usijali wifi, kila mtu hukosea," nikanywa chai yake nikaondoka.

Zimebaki wiki tano kufikia mtihani wenyewe. Nimekagua mada nyingine nilizozihamisha nikakuta ile ya nguvu ya umma iko Fizikia. Je, nimwambie, wakati ndani ya familia hii nasifika kwa umakini, au nimbembeleze tu arudi bila kufukua yaliyopita?

Karani Mpanga Mada

Majibu ya mshauri

Karani, pole. Kupanga maneno ya watu mia tatu ambao kila mmoja anaandika panapomjia si mchezo, na kwamba ulijitolea kufanya hivyo nakupa heshima yako. Kosa la kuhamisha mada lingenichekesha nikakusamehe kabla ya kumaliza barua. Kilichonikera ni ile chai. Ulikaa kwa mtu, ukampa pole kwa kosa lako mwenyewe, ukaaga, yeye akabaki anaamini ni mjinga.

Hebu tazama ulichofanya. Katika jumuiya nzima iliyokuwa vurugu, wifi yako aliweka swali lake mahali pake hasa. Aliyelikosesha njia ni wewe, mtaalamu wa majalada. Kichwa chake hakina kutu hata kidogo. Aliuliza vizuri, akajibiwa, akakumbuka alichojibiwa neno kwa neno akiwa na kazi mkononi, na mwanafunzi wa namna hiyo ndiye anayefaulu. Hayo yote unayajua wewe peke yako, na unayafungia kabatini ili usipungukiwe sifa. Umakini gani huo?

Kwa hiyo usimbembeleze. Nenda leo, usipige simu. Mwonyeshe mada ilipokuwa na ulikoipeleka, na umwambie ni mkono wako. Atanuna, labda siku mbili hatapokea simu yako, na mumeo atasikia. Vumilia. Kisha irudishe mada kwenye Kiswahili na chini yake uandike kwa jina lako kwamba uliihamisha kimakosa, ili hata waliomcheka, kama wamo humo, wasome. Kuanzia hapo usihamishe mada ya mtu kabla hujamuuliza alikusudia nini, na ile alama ya ilikotoka iache hapohapo, ichafue ukurasa inavyotaka. Nguvu ya umma nayo uirudishe Uraia, itakuwa imechoka kukaa Fizikia.

Bado swali lake halijajibiwa, na jibu unamdai. Mtolee kitabu chini ya meza, tafuta kipande cha ubao kishikilie mguu, umfundishe kwa kazi yake: shona, shonea, shonwa, shonesha. Mwambie kile kisichobadilika kote, yaani shon-, ndicho mzizi, na kazi yake ni kubeba maana. Fundi cherehani ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Akishaelewa, mpe kile kitenzi ulichomwachia siku ya chai, kukosea, naye akutafutie mzizi wake. Atakuambia ni kos-. Kisha mfano wa kwanza utunge wewe, kwa sauti, ukimtazama usoni: Wifi, nimekukosea.