Hukusema "Nimekoma"

Tabora, Jumatatu asubuhi, mwaka wa kumi na tisa tangu niondoke kijijini kwetu Mwamkulu.

Masanja mwanangu,

Ulianza kwa kuacha salamu. Mtoto wa Kisukuma akipita mbele ya baba yake asubuhi bila kusema "mwangaluka", amemtukana. Ndivyo nilivyolelewa. Kisha ukaacha kuoga. Ukaacha kucheka, wewe uliyekuwa ukiwaiga wazee wa ukoo mpaka mama yako anamwaga uji. Ukawa unakaa nyuma ya zizi kutwa nzima. Nikikuuliza jambo, unajibu neno moja, tena baada ya muda mrefu. Baba zako wadogo wakanicheka: "Kaka, umezaa bwana mkubwa! Anasubiri tumwamkie sisi."

Siku ile ng'ombe walimaliza mahindi ya jirani ukiwatazama tu. Nikachukua fimbo ya kuchungia. Sheria ya nyumbani kwetu uliijua, hata mimi nilipigwa hivyo: mtoto akisema "Nimekoma, baba", fimbo inawekwa chini. Nilingoja neno hilo. Nilikupiga mgongo, mapaja, mikono. Hukujikinga. Uso wako haukubadilika, kana kwamba nampiga mtu mwingine na wewe unatazama. Nikaona dharau. "Lia basi! Lia!" Niliona meno yako mawili kwenye vumbi, na bado nikapiga. Fimbo ilipovunjika nikakusukuma, kichwa kikagonga gogo la zizi. Mama yako alikuwa amening'inia mkononi mwangu: "Unaua, baba Masanja! Unaua!"

Ulikufa siku ya tatu, hospitali, Mpanda.

Nilifungwa kwa haki. Gerezani nilisoma kila karatasi iliyonifikia, na katika kitabu kimoja cha wauguzi nikakukuta. Skizofrenia, ugonjwa wa akili, unaweza kuanza kimyakimya: mtu anajitenga, uso unakuwa mtupu, maneno yanapungua, hamu ya kazi inakufa. Watu wanamwita mvivu. Nilisoma ukurasa ule mpaka ukachanika. Hukukataa kusema "Nimekoma", mwanangu. Mimi... Ugonjwa ulikuwa umeliweka neno hilo mbali nawe, basi.

Nilipotoka gerezani nilibaki huku Tabora. Mwezi uliopita dada yako alipiga simu. Binti yake, Kabula, haamkii watu, hachani nywele. "Baba, njoo. Wewe atakuogopa." Nikamwambia mtu yeyote asimguse, kesho ampeleke hospitali. Nikamsimulia ile siku yote, hata yale meno. Alilia, lakini alimpeleka. Sasa Kabula anatumia dawa. Itakuwaje, bado hatujui.

Jana walimpa simu. Nilisikia pumzi tu. Hakuniamkia. Nikaanza mimi, mzee mzima: "Mwangaluka, Kabula."

Nitamwamkia hivyo kila Jumapili, ajibu asijibu. Nakuahidi.

Pumzika, Masanja. Ndugu wananiita nirudi nimalizie uzee karibu na kaburi lako. Mkono huu hautagusa udongo ule. Sitarudi Mwamkulu.