Mkanda wa Juu

Dada yangu mpenzi,

Kabla sijakusalimia acha niliseme hili, maana nikitanguliza salamu nitaogopa. Tangi la maji ya moto lililomwangukia bibi hakulifunga baba. Nililifunga mimi. Sijamwambia mtu.

Sasa shikamoo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na mtoto ameacha kukohoa. Mama ni mzima, ila siku hizi anasahau sufuria jikoni mpaka ziungue. Mimi nipo tu. Tangu nimalize shule sina pa kwenda asubuhi ila hospitali.

Bibi yuko wodi ile ile, miguu yote imefungwa bandeji kuanzia magotini. Jana aliniambia eti amepikwa nusu, wakamwepua kabla hajaiva. Nesi akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaenda kusimama chooni mpaka uso ukatulia. Daktari amesema mguu wa kushoto unakataa kupona. Wiki ijayo wataamua kama wataukata.

Najua ulichomwambia baba kwenye simu. Nilikuwa karibu, na simu yake unajua inavyopiga kelele. Ulisema anazunguka mji mzima kufunga matangi ya watu yasianguke kwa tetemeko, halafu mama yake mzazi anaungulia kwake. Alijibu kwamba ni kweli, alifunga kwa haraka. Tangu hapo hupokei simu zake. Lakini alisema uongo, dada.

Ilikuwa hivi. Baba alileta tangi jipya, lile refu linalonifika kidevuni, akalisimamisha chumba cha kufulia. Akasema kwa kuwa nimemaliza shule, nitalifunga mimi. Alinifundisha kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Pakilia tupu, pale ni ubao mwembamba tu. Pakilia pazito, nyuma yake kuna nguzo ya mti, na hapo ndipo skrubu iingie. Mkanda mmoja wa chuma chini, mwingine juu, ili ardhi ikitikisika tangi lisilale.

Wa chini niliufunga vizuri. Nilipofika wa juu, wakaja mafundi wenzake wawili, wakasimama mlangoni na vikombe vyao vya chai. Mmoja akasema, "Haya, fundi kapata mrithi! Tena huyu hatabishana na wateja, hata salamu anaitikia kwa kope." Wakacheka, na baba akacheka kwa raha. Unajua ninavyokuwa watu wakinitazama. Masikio yaliniwaka, nikatoboa bila kugonga. Drili ikazama mara moja bila kukwama, nikajua hapana mti. Ningesema tu, "Baba, nimekosea, nianze upya." Sikusema. Nikakaza skrubu kwenye ubao mtupu, zikapendeza kwa macho. Baba akalisukuma tangi kidogo, likatulia, akanipiga bega. Jioni alimwambia mama kwamba mkono wangu utaushinda wake.

Nilipanga kurudia akitoka. Lakini drili huondoka nayo, na kila nilipotaka kumwomba niliwaza ataniuliza ya nini. Miezi minne ikapita hivyo.

Tetemeko lilipokuja bibi alikuwa ameinama anafua kitambaa chake. Skrubu za juu zilichomoka na vipande vya ukuta, tangi likalala, bomba likakatika.

Tulipomfikisha bibi hospitali, baba alirudi nyumbani. Nilimfuata, nikamkuta amepiga magoti kwenye maji, ameshika zile skrubu, anazigeuza kutafuta hata chembe ya mti. Akazitia mfukoni. Yule fundi mwenzake aliyenitania akaingia, akaanza kunitazama mimi. Baba akamwambia kwamba siku ile, wao walipoondoka, alifungua kazi yangu yote akaifunga upya mwenyewe, ovyo ovyo. Mtaa mzima sasa unasema hivyo. Wateja wake wanaita mafundi wengine wakakague matangi aliyofunga yeye miaka yote. Anashinda ameketi uani, viatu vya kazi miguuni, hakuna anayemwita.

Juzi nilimsikia akimwambia mama kwamba kosa ni lake, hakunifundisha vya kutosha, mtoto angejuaje. Hapo ndipo nilipokwisha. Alinifundisha, dada. Nilijua. Nilijua tangu siku ile ile, na kila asubuhi nilimsikia bibi akiimba mle ndani, nikapita.

Mpigie baba, nakuomba. Usimwambie unajua nini. Mwulize tu kama amekula. Lakini hili la kwamba nilijua, libaki kwako. Amelipa kwa jina lake ili mimi nibaki mtoto aliyekosea bila kujua, na akigundua hakuwapo mtoto wa namna hiyo, sijui atashika nini. Au labda najiombea mwenyewe. Hata hilo sijui.

Wasalimie wote hapo kwako. Bibi naye anakusalimu, anasema usije kwanza, hataki umwone hivi.

Mimi mdogo wako.

Usimwambie hata shemeji. Tafadhali, dada. Usimwambie mtu.