Nukta Iliyopotea

Mutsamudu, 11 Oktoba 1999

Mdogo wangu Nourdine,

Salamu nyingi. U mzima huko Moroni? Mimi na binti yangu Asmahane twashukuru, ila titi langu la kushoto limefanya uvimbe. Daktari amekata kipande, jirani yangu Roukia anakuletea kwenye chupa. Usiifungue mezani pa kula! Wewe ndiye mwenye darubini hospitalini, nitazamie.

Mume wangu hali tena chakula changu. Kila mchana huenda kula kwa dada yake, kule mjini Mirontsy. Ati uozo huu ni wa nyumba yetu, mama alikufa nao, na Asmahane atakufa nao. Miaka ishirini nampikia Salimou, leo anaikunjia pua sufuria yangu!

Dada yako,
Moinahalima

Moroni, 2 Novemba 1999

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwako na kwa Asmahane. Daktari wetu naye ametazama. Ni saratani.

Sasa msomee Salimou. Kila mwanamke ana kromosomu X mbili, vibeba urithi ndani ya seli, moja ya mama, moja ya baba. Seli huilaza mojawapo. Kinachoilaza ni uzi wa RNA, nakala ya jeni, ila usiotengeneza protini yoyote. Nyuzi kama hizo wataalamu waliwahi kuziita takataka. Huizonga X hiyo mpaka ijikunje, ukiitazama ni nukta nyeusi ukingoni mwa kiini. Katika nyama yako nimeitafuta seli baada ya seli. Nyingi hazina. Hilo hukuzaliwa nalo, limeharibika humo humo titini. Kama kuna jingine la kurithi, siwezi kuapa. Ila X moja ya Asmahane ni ya Salimou mwenyewe. Aikunjie pua na hiyo!

Njoo upesi, wakukate titi mapema.

Mdogo wako,
Nourdine

Mutsamudu, 20 Januari 2000

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi si mzima. Nilimsomea, akatema mate dirishani, kisha akahamia kwa dada yake. Unajua yuko bandarini na hawa waliokitenga kisiwa chetu na Moroni, vibali vya safari vyapita mkononi mwake. Nikiuliza changu, ati wakubwa hawajagonga muhuri. Tena, mkewe akienda Moroni wenzake watamwonaje? Titi limepasuka, nalifunga kwa leso. Harufu yake hainichefui kama yeye.

Dada yako

Moroni, 14 Machi 2000

Dada, salamu. Kisiwa chenu kimewekewa vikwazo, simu zimekatika, meli hakuna. Wanataka kumpa mwingine kitanda chako hapa hospitalini, nimekataa. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

Mutsamudu, 9 Juni 2000

Kwezi, mjomba, shikamoo. Natumai u mzima.

Mama alitutoka tarehe kumi Machi. Barua yako imefika jana.

Siku ya hitima baba alikuja. Yeye aliyesusa chakula cha mama miezi mitano alikula sahani mbili za pilau, akalamba vidole, akaomba nyingine ya kupeleka Mirontsy. Kinyaa kilinishika nikatoka nje. Kumbe alikuwa amerudi kuishi, akajilaza kitanda cha mama.

Jana, baada ya kukusoma, nilimwambia nyumba hii ilikuwa ya mama, na kwa mila yetu sasa ni yangu, binti yake. Nikamfungia nguo zake, sanduku nikaliweka barabarani. Mfukoni mwa koti lake nimekuta kibali cha mama. Kimegongwa muhuri tangu Desemba.

Mpwa wako,
Asmahane